Babu Hakufia Gerezani

Kambi ya Askari Magereza,
Unyamwezini.
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Baba yangu, Mzee Wambura Mwita,
Kenyamonta.

Baba, shikamoo.

Ni mimi mwanao Marwa, nakuamkia nikiwa nimekaa kitandani, karatasi nimeiweka juu ya sanduku la nguo kwa sababu meza ya chumba hiki tunaigombea watu wanne. Kabla ya yote niambie habari za mguu wako. Ulisema uvimbe umepungua lakini bado unachechemea ukiteremka kwenda shamba la kijiji. Ulikwenda zahanati kama nilivyokuomba, au umeendelea na ile mizizi yako? Kifua cha Mama kinaendeleaje? Na mtama umesimama? Redio ilisema Mara imepata mvua, lakini redio haijui Kenyamonta, inasema Mara tu, nami nabaki kujiuliza kama hiyo mvua ilivuka hadi kwetu au iliishia ziwani.

Bibi sitamuulizia afya, maana najua jibu lake: "Bado nipo, mnataka nini tena?" Nakuuliza wewe. Anakula? Anasikia anapoitwa? Bado anakwenda mahameni, kwenye boma letu la zamani, peke yake?

Mimi mwili ni mzima. Huku ni kukavu, maji tunapanga foleni tangu alfajiri, na sabuni kwenye duka la ushirika ikija leo, kesho huioni tena hadi mwezi mwingine. Ugali wa huku ni wa muhogo. Mwanzoni ulinishinda, sasa nimeuzoea. Tunalima sana. Mkuu wetu amesema gereza lijilishe lenyewe, kwa hiyo askari na wafungwa wote tuko shambani na majembe, na mtu akipita barabarani hawezi kujua nani ana bunduki nani hana mpaka asogee karibu. Upweke ndio unanitesa kidogo. Hakuna mtu wa kusema naye lugha yetu. Alikuwepo Mkurya mmoja wa Tarime hapa kambini, lakini alihamishwa mwezi uleule niliofika.

Baba, barua yako nimeisoma hadi mikunjo imeanza kukatika. Nilipofungua bahasha nilitegemea mwandiko wa mwalimu kama siku zote. Nikaona herufi kubwa zinazopanda na kushuka kama njia ya kwetu, nikajua hii ni kalamu ya Baba mwenyewe. Niliwaonyesha wenzangu. Niliwaambia, mzee wangu ameanza darasa la watu wazima akiwa na mvi, na tazameni. Hiyo ndiyo sababu na mimi nimeandika kwa herufi kubwa na kuacha nafasi, ili usimpe mwalimu wala mtu mwingine akusomee. Nakuomba barua hii uisome peke yako. Nenda nayo machungani, kaa chini, soma polepole. Usiisome mbele ya Bibi. Ukifika mwisho utajua kwa nini.

Habari yenyewe inamhusu Babu Mwita, baba yako.

Nilipopangiwa kituo hiki sikukuambia kitu, lakini moyoni nilijua ndiko alikoletwa. Tangu utoto nimesikia hadithi ile moja: nyayo za ng'ombe wa wizi zilifuatwa zikaishia karibu na boma la Mwita, wakati huo Bibi ana mimba yako, Babu akakamatwa, akapelekwa Musoma, kisha Mwanza, kisha akapandishwa garimoshi kwenda Unyamwezini, miaka saba. Na mwaka wa tatu yule jirani aliyekuwa amefungwa pamoja naye akarudi nyumbani na kusema, "Mwita amekufa kwa kuhara. Nilimwona akitolewa." Ndipo mlipofanya matanga. Bibi akanyolewa. Na kwa kuwa mwili haukuwepo, wazee wakachimba kaburi mlangoni, wakazika ngozi aliyokuwa akilalia.

Miezi miwili iliyopita mvua ya upepo iliezua bati la stoo ya vitabu vya zamani. Mkuu akanituma mimi na wafungwa watatu tuvihamishie ofisi mpya. Ni vitabu vikubwa, vizito, vimeliwa na mchwa pembeni, vya tangu wakati wa Mwingereza. Nilimwomba mkuu ruhusa ya kuvitazama wakati wa mapumziko. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia ukweli, kwamba babu yangu alifia hapa na ningependa kujua amezikwa wapi. Akasema, "Soma. Lakini kila kitabu ukirudishe mahali pake."

Nilisoma majuma matatu. Akina Mwita ni wengi kama mchanga, Baba. Kuna Mwita wa kupigana, Mwita wa kodi, Mwita wa ng'ombe, Mwita wa ng'ombe, Mwita wa ng'ombe. Mwisho nikampata. Karani alikuwa ameliharibu jina, lakini lilikuwa Mwita wa Gesase, wizi wa ng'ombe, miaka saba, kutoka wilaya yetu. Na kwenye sehemu ya alama za mwili aliandika kwamba mguu wa kulia umepungua vidole viwili. Nilishusha kitabu chini. Bibi ametuambia mara ngapi habari za lile shoka lililomteleza Babu akichonga mzinga? Ni yeye.

Nikafuata mstari kwa kidole kwenda kulia, kutafuta siku ya kifo. Haikuwepo. Kurasa mbili nyuma yupo Mwita mwingine, Mkurya, mfungwa wa kodi, huyo ndiye aliyekufa kwa kuhara, mwaka uleule wa tatu; nadhani maiti yake ndiyo yule jirani aliyoiona ikitolewa imefunikwa. Mwisho wa mstari wa Babu pameandikwa kwamba amemaliza kifungo, akapewa tiketi ya garimoshi hadi Mwanza, akatoka.

Akatoka, Baba. Akiwa hai.

Baada ya hapo vitabu havimjui tena. Nilitafuta kila mahali ambapo jina lake lingeweza kuwa, kwa miaka mingi iliyofuata, kama alifungwa tena, kama aliajiriwa, kama alikufa hospitali. Hakuna. Ni kama mtu alivuka mlango wa gereza akaingia ndani ya hewa. Nitasema ukweli kwamba nilimkasirikia. Nilisema, kumbe alitoka mzima akawa na tiketi mkononi, akawaacha. Nilikukumbuka wewe ukikua kwa kuitwa mtoto wa mwizi, ukichunga ng'ombe wa watu. Nilitaka kukiweka kitabu kile mahali pake na nisikuandikie neno.

Ila kulikuwa na askari mmoja mstaafu ambaye wazee wa kambini walinitajia, Mzee Kasanda. Aliajiriwa kijana sana, wakati wa Mwingereza, na sasa anakaa upande wa pili wa reli, macho yamefunga ukungu, anauza ugoro mlangoni kwake. Nilimwendea siku ya mapumziko asubuhi nikiwa na sare. Nikamwamkia. Akaniuliza mimi mtu wa wapi, maana ulimi wangu si wa huku. Nikasema Mngoreme, wa Mara, Kenyamonta.

Mzee aliacha kufunga ugoro. Akauliza, "Umekuja kunifunga?"

Nikasema, "Hapana, Mzee wangu. Kwa kosa gani?"

"Baba yako anaitwa nani?"

"Wambura Mwita."

"Mwita yupi?"

"Mwita wa Gesase. Wa vidole vitatu."

Alianza kulia, Baba. Mzee wa miaka ile, bila kuficha uso. Watoto wa nyumba wakatoka kutazama, akawafukuza kwa fimbo. Kisha akaniambia nikae. Tulikaa tangu asubuhi hadi jua lilipovuka utosi. Sasa nitakuandikia aliyoniambia, kama alivyoyasema, bila kuongeza changu.

Alisema Babu alikuwa mtulivu. Kuhusu wale ng'ombe, Babu alimwambia siku moja tu na hakurudia: hakuwaiba, lakini aliyewaiba alikuwa mtu wa ukoo, na nyayo zilipofika bomani kwake ilibidi mmoja aseme ni yeye au boma lote lilipe. Jina la huyo mtu hakulitaja. Babu alipenda ng'ombe, akapewa kazi ya kuchunga ng'ombe wa gereza, na Kasanda ndiye askari aliyekuwa akitoka naye. Huko machungani wakawa marafiki, askari na mfungwa. Siku ya kutoka, Kasanda alimsindikiza hadi stesheni. Babu alikuwa amekonda, anakohoa, amevaa kaptura ya gereza na gunia alilolitoboa akalivaa kama shati. Alikuwa akicheka njia nzima. Alisema, "Mtoto wangu sasa ana miaka saba. Sijui kama ni wa kiume au wa kike."

Miezi minne baadaye Kasanda akitoka lindoni alimkuta amekaa nje ya uzio. Alidhani amefungwa tena. Akamwuliza, "Mwita, umefanya nini?" Babu akamjibu, "Sikufanya kitu. Nimekuta nimeshakufa."

Akamweleza. Kutoka Mwanza alitembea kwa miguu, akifanya vibarua njiani apate kula. Alifika kwetu wakati wa kiangazi, saa za kuteka maji. Akasema moyoni, nisiingie nyumbani kama mgeni nikiwa na vumbi, nioge kwanza. Akateremkia mtoni. Akamkuta Bibi anateka maji, mgongo ameugeuza. Akasimama. Akamwita kwa jina lake: "Ghati."

Bibi akageuka. Chungu kilimtoka mikononi kikapasuka juu ya mawe. Akapiga kelele, "Mwita, rudi ulikotoka! Tumekulilia! Tumekuzika! Usinichukulie mtoto wangu!" Babu akanyoosha mkono, akamwambia, "Ghati, ni mimi, mimi ni mtu." Lakini alikuwa mwembamba kama fito, amevaa gunia, sauti imekauka kwa kikohozi. Bibi akaokota udongo akamrushia, akaokota na mawe. Jiwe moja lilimpata hapa, juu ya jicho. Mzee Kasanda aliniwekea kidole chake pale pale, akasema kovu lilikaa hadi mwisho.

Na palikuwa na mtoto. Mtoto wa kiume, alisema, amebeba kibuyu kidogo. Mama yake alikimbia hatua kadhaa akidhani anafuatwa na mtoto. Mtoto hakukimbia. Alisimama akamtazama yule mtu wa gunia, na yule mtu akamtazama yeye. Babu alikuwa analia. Mtoto akamwuliza, "Unalia nini?" Kabla hajajibu, mama alirudi mbio, akamnyakua mtoto mkono, wakaenda.

Baba, hapo nilimwomba Mzee Kasanda anisubiri. Niliinuka nikaenda kusimama kwenye reli.

Kwa sababu hadithi hiyo naijua. Sisi watoto wako wote tunaijua, ni ile uliyokuwa ukitusimulia tukichoma mahindi: siku Bibi alipoona mzimu wa Babu mtoni. Jinsi alivyorudi bila chungu, wazee wakachinja mbuzi njiani ili mzimu usipite, na baadaye mkahamisha boma zima kwenda upande wa pili wa kilima. Na sisi tulipokuuliza kama wewe uliogopa, ulijibu neno moja siku zote. Ulisema: "Mimi sikuogopa, maana alikuwa analia, na mzimu haulii. Niliwaambia hivyo nikachapwa."

Baba, ulikuwa na miaka saba, ulikuwa peke yako, na ulisema kweli. Haukuwa mzimu. Ulisimama mbele ya baba yako mzazi, ukamsemesha.

Sasa naendelea.

Mzee Kasanda alisema Babu hakuondoka siku hiyo. Alijificha kwenye vichaka vya mlimani akiangalia boma lake. Aliona moshi. Aliona mlangoni kwake kifusi kimeinuliwa na kuzungushiwa mawe, akaelewa ni kaburi, na kwamba aliyemo ni yeye. Aliona mbuzi akichinjwa njiani, damu ikamwagwa kukata njia. Kasanda alimwuliza, "Kwa nini hukwenda kwa wazee mchana, ukasema wewe ni mtu?" Babu akajibu, "Na mtoto yule akiumwa kichwa kesho? Akishikwa na homa? Watasema ni mimi. Mama yake ataniangalia kila siku akisubiri nimuue mtoto. Waliokwisha kunilia wamelala. Niwaamshe?"

Sijui kama alifanya sawa. Nimefikiri siku nyingi na sijui. Kama angeshuka tu asubuhi akakaa kwenye kile kifusi mpaka mtu amguse! Lakini miaka saba ya gereza nimeiona huku jinsi inavyomfanya mtu. Huwa wanatoka wanaomba radhi hata kwa mlango.

Alirudi huku kwa sababu hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo mtu alimjua kuwa ni hai. Mchinjaji mmoja wa mjini akamwajiri kuchunga ng'ombe wake. Watu wa huku, kila aliyetoka kaskazini kwao ni Msukuma, wakamwita Mzee Msukuma, jina likamganda. Hiyo ndiyo sababu vitabu vilimpoteza. Mwita aliingia mlango ule, na aliyeishi mjini na kuzikwa alikuwa Msukuma. Aliishi na mama mmoja wa hapa kwa miaka kadhaa. Hawakupata mtoto, na huyo mama alimtangulia. Nimekuandikia na hilo kwa sababu nimeahidi kutoficha.

Lililobaki ndilo linalomliza Mzee Kasanda. Kila mwaka kiangazi kikifika, Babu alimwendea akasema, "Kasanda, nisindikize kwetu. Nikitokea na askari wa serikali, mwenye sare na kofia, mchana kweupe, watajua mimi ni mtu. Mzimu hausindikizwi na askari." Na Kasanda akamjibu, "Mwakani, Mwita. Nikipata likizo." Akaoa. Wakazaliwa watoto. Ikaja vita ya Mwingereza na Mjerumani, likizo zikafungwa. Likizo zikafunguliwa, mke akaugua. Kila mwaka mwakani. Babu hakugombana naye. Alipoona wafungwa wapya wa Mara wakiletwa, alikuwa akisimama karibu na uzio kuuliza, "Mnamjua Wambura wa Kenyamonta?" Maana jina lako aliwahi kulisikia kwa mfungwa mmoja, na hivyo ndivyo alivyojua kwamba yule mtoto wa mtoni anaitwa Wambura. Mwingine alimwambia kwamba umeoa. Alichinja kuku siku hiyo akamwalika Kasanda.

Alikufa miaka michache baada ya Uhuru, kwa kifua. Mimi nilikuwa nimeshazaliwa, Baba. Nilikuwa naenda shule. Angeweza kunipakata.

Mzee Kasanda aliniambia, "Nilimzika mimi na mchinjaji na watu wanne. Nikasema nitaandika barua kwenu. Sikujua anwani. Na ningeandika nini? Kwamba niliahidi miaka thelathini?" Kisha akasema, "Ulipoingia na sare na kusema Kenyamonta, nilidhani amekutuma."

Juzi alinipeleka kaburini. Nilimshika mkono kwa sababu haoni mashimo. Ni kwenye makaburi ya mji, upande wa mwisho, penye majani marefu, hakuna msalaba wala jiwe. Nilimwuliza kama ana hakika. Akahesabu hatua kutoka mti mmoja, akapapasa kwa fimbo, akasema, "Ni hapa. Nimekuja hapa mara nyingi kuliko kanisani." Niling'oa majani kwa mikono. Nilimwamkia Babu kwa lugha yetu. Sikuwa nimeisema kwa sauti miezi mingi, na ilinitoka vibaya, kama mtoto. Nikamtajia majina yenu, wewe, Mama, dada zangu wawili, na wajukuu. Jina la Bibi nilishindwa kulitamka.

Mzee Kasanda alivua kofia. Akasema kama anayezungumza na mtu aliyekaa karibu yake: "Mwita, nimechelewa. Lakini askari wa kukusindikiza amepatikana."

Kwa hiyo Baba, hii ndiyo sababu ya karatasi nyingi. Mkuu wetu amenipa likizo kuanzia mwezi ujao. Nitakuja. Mwili hawataniruhusu kuufukua bila maneno mengi ya ofisini, lakini udongo wa kaburi nitaweza kuuleta, kama wewe na wazee mtaona inafaa. Mimi ni mdogo, mila hizo sizijui vizuri. Sijui mtu aliyeliliwa akiwa hai analiliwaje tena. Sijui ile ngozi kaburini itatolewa au itaachwa. Waulize wazee, lakini waulize kwa akili, kama habari ya mtu mwingine, maana wakijua leo, jioni kijiji kizima kinajua, na nyumba zetu sasa zimepangwa mstari mmoja, ukuta kwa ukuta, hakuna siri.

Na kuna Bibi.

Nimejaribu mara tatu kuandika barua yake peke yake, ambayo ungemsomea kwa sauti. Ya kwanza nilisema Babu alifia gerezani, nimeliona kaburi. Nikaichana, kwa sababu ni uongo, na yeye amekaa na uongo huo miaka yote. Ya pili nilisema alitoka akaugua njiani akafa. Nikaichana. Ya tatu nilisema kweli yote, nikafika mahali pa lile jiwe, mkono ukakataa. Hata baada ya kijiji kuhamishwa, ameendelea kutembea na fimbo yake hadi mahameni kung'oa majani juu ya ngozi ya ng'ombe. Mimi nilikuwa nikimwona na kumcheka kidogo, Mungu anisamehe. Kama nikimwambia kwamba mume wake alisimama mbele yake akamwita Ghati, na yeye akampiga jiwe, ataishi vipi miaka michache iliyomsalia? Na kama nisipomwambia, atakufa akiamini kwamba mume wake alirudi kumchukulia mtoto, na kumbe alirudi kumwona.

Bibi alimpenda, Baba. Alikimbia kwa ajili yako. Na Babu akaondoka kwa ajili yako. Wote wawili walikuwa wakikulinda wewe, kila mmoja kwa njia yake.

Mimi siwezi kuamua jambo hili. Wewe ndiye uliyekuwepo. Fikiri, usiharakishe, na ukishafikiri niandikie kwa mkono wako mwenyewe neno moja tu: aambiwe, au asiambiwe. Nitalitii, na sitakuuliza sababu hadi naingia kaburini. Na kama ukiona aambiwe, usimwambie wewe peke yako. Ningoje. Tutakaa naye wawili, mmoja huku na mmoja huku, nami nitakuwa nimevua sare.

Nisalimie Mama, mwambie ile fulana aliyonifumia naivaa lindoni. Msalimie dada Nyangi na mumewe, na yule mtoto wao mpya ambaye sijamwona. Nimtumie jina la kunong'onezwa sikioni, kama desturi yetu? Dada Robi aache kugombana na balozi wa nyumba kumi, balozi ni mtu mzima. Mpe salamu mwalimu wako wa jioni, nami namshukuru zaidi ya anavyojua.

Bibi mpe shikamoo yangu. Mwambie mimi ni mzima na barua ilikuwa fupi. Usimwonyeshe karatasi hizi, Baba. Hajui kusoma, lakini kuhesabu anajua, na akiona ni nyingi hivi ataomba asomewe zote.

Ni mimi mwanao,
Marwa Wambura,
mjukuu wa Mwita.